Barua Isiyopaswa Kujibiwa

Nimekabidhi kila kitu: funguo mbili za kabati, joho langu lenye kiraka cha kwapa, mashine ya kupiga chapa ambayo hakuna kati yenu anayejua kuitia utepe, na rafu nzima ya dosia za kesi. Tulitia sahihi karatasi ya makabidhiano mbele ya chupa za juisi na hotuba sita, kisha mkanizawadia saa ya ukutani, zawadi inayomfaa sana mtu ambaye hana tena mahali pa kuwahi. Nawashukuru. Inatembea, ingawa inachelewa kidogo.

Sasa nasikia ofisi haina amani. Kuna barua imetoweka kwenye kikapu cha barua za kutumwa, na mnamshuku Papa Albert, mlinzi wetu, kwamba ameitumia kufungia karanga zake. Kabla hamjamfukuza mzee wa watu, someni haya hadi mwisho. Si ninyi mlioniomba niandike kumbukumbu zangu kwa ajili ya mawakili vijana wa ufadhili, "kurasa chache za kutia moyo"? Za kutia moyo sina nyingi. Nilizonazo ndizo hizi.

Nilimaliza sheria nikiwa na miaka thelathini na moja. Si kwa ujinga. Kozi ya miaka mitano ilinichukua miaka tisa kwa sababu chuo kilifungwa kila mara serikali ilipokosana na mtu. Nilipopata shahada, Kisangani ilikuwa chini ya waasi, na waasi walikuwa chini ya majeshi mawili ya wageni waliokuja kutukomboa. Walitukomboa kwa bidii sana. Baadaye wakakosana wenyewe kwa wenyewe, wakapigana katika mitaa yetu, na sisi tuliokombolewa tukalala chini ya vitanda.

Katikati ya mambo hayo, tangazo likabandikwa kwenye ukuta wa chama cha mawakili. Shirika moja la ng'ambo, ambalo silitaji kwa kuwa lina watu wema, lilitoa ufadhili wa mwaka mmoja kwa wahitimu wapya watatu, wafundishwe kutetea watu wanaokabiliwa na adhabu ya kifo. Tulijitokeza wawili, mimi na Faustin, niliyesoma naye darasa moja. Tulishindania nafasi tatu, tukashinda wote. Kule nyumbani, mtaa wa Tshopo, majirani walimpongeza mama yangu kwa woga kidogo: "Mama, tumesikia Georgette amepata bourse ya kifo. Mungu amulinde."

Shirika lilituletea vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa joho moja. Moja, kwa mawakili wawili, na lilishonwa kwa kipimo cha mtu mrefu wa huko kwao. Faustin alipolivaa lilimfika vidoleni, mimi nilipolivaa nilifagia ukumbi wa mahakama. Tulipokuwa na kesi siku moja, yule wa kwanza alimaliza kutetea, akalivua mbele ya mahakimu, akamvika mwenzake. Cha pili kilikuwa kitabu cha mwongozo, kinene cha kuegemeza mlango. Kilitufundisha namna ya kuchagua wazee wa baraza, namna ya kumtumia mtaalamu wa ubongo, na namna ya kutunza afya yetu ya akili kwa matembezi ya jioni. Faustin alikikariri. Mimi nilisoma sura ya matembezi nikacheka, maana jioni watu pekee waliotembea walikuwa na bunduki.

Msimamizi wetu alikuwa Maître Bofoya (kwetu wakili huitwa Maître), mzee mwembamba aliyefunga suruali kwa waya wa simu na aliyewahi kutetea watu mbele ya kila aina ya hakimu, wakiwemo wawili ambao baadaye aliwatetea wao. Siku ya kwanza sikupewa kiti. Aliniuliza, "Mwana, unajua kungojea?"

"Najua sheria, Maître," nikamjibu, na kiburi cha miaka tisa.

"Sheria iko ku kabati. Miye nimeuliza kungojea."

Kisha akanituma sokoni nikanunue karatasi ya kaboni, kalamu mbili, uzi, na kisahani cha wino wa muhuri, ile tampon. Wiki mbili nzima sikugusa kesi. Nilijifunza kutafuta accusé de réception, yaani muhuri wa kupokea. Ninyi siku hizi mnabonyeza kitufe na mashine inawaambia ujumbe umefika. Sisi tulipeleka barua nakala mbili, moja ya ofisi ile, moja yetu, na yetu ilipaswa kurudi na muhuri, tarehe na sahihi ya aliyepokea. Barua isiyo na muhuri, alisema Bofoya, haijawahi kuandikwa. Na wenye mihuri walijua hivyo. Kwa hiyo wino ulikuwa umekwisha. Kama wino upo, kalamu haipo. Kama vyote vipo, mwenye muhuri ameenda matanga.

Ufundi ni huu: unaingia, unasalimu, unauliza habari za watoto, unakaa kwenye benchi pale atakapokuona kila akiinua kichwa. Huombi. Akisema wino hakuna, unatoa tampon yako. Akisema kalamu hakuna, unatoa kalamu, imefungwa kwa uzi kwenye kidole chako, maana za kwanza mbili hazikurudi. Saa ya tatu au ya nne anapiga muhuri ili tu asikuone tena. Karatasi ikishapigwa muhuri haiguswi, haiongezwi hata nukta, kwa sababu ukiigusa umempa mwenzako sababu ya kusema ni ya kughushi. Hilo la mwisho ndilo nililoliamini kuliko mengine yote. Mtaona lilinifikisha wapi.

Mahakama yetu iliitwa baraza la vita, na ilikaa katika ukumbi wa sinema wa zamani. Mwenyekiti alikuwa Meja ambaye kabla ya vita alifundisha mazoezi ya viungo, na alifungua kikao kwa filimbi. Rufaa hakuna. Faustin aliposimama mara ya kwanza, joho likiwa vidoleni, aliomba mtaalamu wa saikolojia ampime mteja wake, kama kitabu kilivyoagiza. Meja alimtazama kwa huruma.

"Psychologue? Ile iko Kinshasa, Maître. Unataka tuite adui akuye kutusaidia kuhukumu?"

Ukumbi ulicheka. Mimi pia nilicheka, Mungu anisamehe, mteja mwenyewe akiwa ameketi pale kwenye kiti cha sinema, amefungwa mikono.

Kesi yangu ngumu ya kwanza ilikuwa ya Likunde. Wengi wenu hamkumbuki toleka za enzi zile, baiskeli za abiria zenye kikalio cha sponji nyuma, zilipokuwa ndizo gari, ndizo teksi, ndizo magari ya wagonjwa ya mji mzima, petroli ikiwa ya majeshi tu. Likunde alikuwa dereva wa toleka. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mke aliyeitwa Mama Anto, mtoto mmoja, na baiskeli mpya yenye kengele aliyoing'arisha kila asubuhi. Siku moja alimbeba abiria kutoka mjini kwenda daraja la Tshopo. Kwenye kizuizi askari walifungua begi la abiria, wakakuta sare na bastola. Abiria alikuwa askari mtoro. Aliruka kwenye majani akapotea. Likunde alibaki amesimama, ameshika usukani.

Nilipomtembelea gerezani nilimuuliza kwa nini hakukimbia naye.

"Na velo je, Maître?" akaniuliza. "Ningeiachia nani?"

Basi akashtakiwa kwa kumtorosha askari na kusaidia adui. Ushahidi ulikuwa baiskeli. Iliorodheshwa kama kielelezo, na kielelezo kikakabidhiwa kwa karani wa mahakama, mtu mnene mwenye soksi nyeupe, akitunze. Alikitunza kwa kukipanda kila siku kwenda kazini. Nilikuwa nikifika asubuhi na dosia yangu, yeye ananipita, anapiga kengele ya Likunde, ananisalimu. Nilipinga kwa maandishi. Akanipigia muhuri wa kupokea bila hata kusubiri, maana ndiye aliyekuwa mwenye muhuri, na malalamiko yangu aliyahifadhi yeye mwenyewe. Mteja wangu akipigwa risasi, kielelezo kingetaifishwa na kubaki pale pale kilipo, chini ya makalio ya karani.

Kesi ilianza Jumatatu asubuhi na ikaisha kabla ndizi za lituma, zile za kupondwa, hazijaiva jikoni. Kifo. Pamoja na Likunde alihukumiwa mteja wa Faustin, koplo aliyeitwa Adelar, aliyelala kwenye zamu. Filimbi ikapigwa. Wote wawili wapigwe risasi Alhamisi, kule Simi-Simi, kwenye uwanja wa zamani wa ndege. Mama Anto alikuwa nyuma ya ukumbi na sufuria ya chakula alichomletea mumewe, na hakuanguka wala hakulia. Alinijia, akaniuliza, "Sasa bado nini, Maître?" kama mtu anayeuliza kimebaki chumvi au mafuta.

Kilichobaki kilikuwa ombi la msamaha. Sheria ya nchi, ambayo waasi waliitumia kwa sababu hawakuwa na muda wa kuandika nyingine, ilisema mtu aliyehukumiwa kifo hauawi kabla Mkuu wa Nchi hajajibu ombi lake. Ndiyo dawa pekee iliyokuwa kabatini. Na Bofoya siku ile alikuwa amevuka mto kwenda Lubunga, matangani kwa shemeji yake, akaniachia neno moja: "Uningojee."

Sikumngojea. Nilikuwa na shahada. Jumatatu ile ile nilikaa kwenye mashine nikapiga ombi la kurasa tatu, zuri, lenye vifungu, na kesho yake asubuhi nikalipeleka mwenyewe kwa karani. Nililielekeza kwa Mkuu wa Nchi, kwa jina lake, katika ikulu yake ya Kinshasa. Ningemwandikia nani mwingine? Kitivo cha sheria kilinifundisha kwamba nchi ina mkuu mmoja. Kwamba mkuu huyo ndiye waliyekuwa wakipigana naye watu niliowapelekea barua, hilo nililijua kama mkazi wa Kisangani, lakini kama mwanasheria halikunipitia akilini.

Karani alisoma anwani, akasimama, akaenda nayo mbio. Dakika tano baadaye nilikuwa mbele ya Meja.

"Soma hapa," akasema, kidole kikiwa kwenye mstari wa kwanza. "Soma kwa sauti."

Nikasoma.

"Donc weye unaandikia adui. Na muteja wako anaandikia adui. Banasema tulimuhukumu bure, na yeye mwenyewe anatuletea preuve ya kosa lake, na sahihi!" Alikuwa na furaha ya kweli. "Bon. Alhamisi iko mbali. Tutafanya wote wawili kesho, saa nne. Na weye utakuya kuangalia."

Nilitoka pale. Nilikuwa nimewaondolea watu wawili siku moja ya maisha kwa herufi nzuri na vifungu sahihi. Sijui kama nimewahi kujichukia kama nilivyojichukia kwenye ngazi za sinema ile. Mama Anto alikuwa ameketi pale chini. Sikumwambia. Nilimpita, nikashuka hadi mtoni, nikapanda mtumbwi wa kwanza kwenda Lubunga, na katikati ya maji ndipo nikalia, mpiga kasia akijifanya kutazama ng'ambo.

Bofoya nilimkuta kwenye kiti cha plastiki kati ya wafiwa, sahani ya samaki magotini. Alisoma nakala yangu ya kaboni. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka mjane akageuka, mpaka mashemeji wakaanza kunong'ona kuhusu heshima. Alipofuta macho aliniambia, "Georgette, mwana, hiyo barua iko muzuri. Umekosea mufalme tu."

"Lakini Maître, huyu wa huku si Mkuu wa Nchi. Nikimwita hivyo nimedanganya mahakama."

"Mahakama gani? Ya filimbi?" Aliosha mikono, taratibu. "Sikia. Huyu mukubwa wa waasi, kuna mutu amemuita Chef de l'État, mukuu wa inchi, hata siku moja? Hata bibi yake bado. Weye utakuwa wa kwanza. Unazania Meja atazuia barua ya kwanza yenye inaita mukubwa wake Chef de l'État? Na akiua mutu mbele ya jibu, si ni kusema mukubwa wake si chef?"

Tulivuka pamoja, tukafika ofisini jua likiwa bado juu. Yeye alisema, mimi nikapiga chapa. Anwani peke yake ilichukua mistari saba: Mheshimiwa Rais wa Vuguvugu, Mkuu wa Nchi, Amiri Jeshi Mkuu, Mwokozi wa Mashariki, Baba wa hiki na Mlezi wa kile. Mlezi wa kile nilikataa kukiandika. Bofoya alisema kila cheo ni saa moja ya maisha ya Likunde, niamue mwenyewe nipunguze ngapi. Nikaandika vyote, nikaongeza kimoja.

Faustin alikuwa meza ya pili, akiandika ombi la koplo Adelar. Aliposikia anwani yetu aliacha kuandika. Alisema hawezi kumwita mhalifu wa vita Mkuu wa Nchi, na kwamba kitabu cha mwongozo kinakataza. Kitabu kweli kilikataza kumdanganya hakimu. Yeye aliandika ombi la kurasa kumi na nne kwa wakubwa wa dunia wa haki za binadamu, na usiku ule angetafuta mtu wa kulituma kwa simu ya setilaiti. Nimesoma maombi mengi tangu hapo. Lake ndilo zuri kuliko yote.

Bofoya alimwambia, "Mwana, na hawa wa hapa uwapatie kopi moja."

"Sheria si bidhaa ya sokoni, Maître," Faustin akajibu.

Jumatano saa moja na nusu tulikuwa kwenye benchi la karani. Uani lori lilikuwa tayari, injini imezimwa, na Likunde na Adelar wameketi nyuma kati ya askari wanne. Saa mbili karani akafika na baiskeli. Likunde aliiona kutoka kwenye lori. Sikumwona akimtazama karani, alilitazama gurudumu la mbele, akamwambia askari aliyekuwa karibu kwamba lina upepo mdogo.

Karani alichukua nakala zetu, akasoma mistari saba, akazirudisha. Wino umekwisha. Nikatoa tampon. Kalamu haipo. Nikatoa kalamu na uzi wake. Akasema basi turudi mchana, sasa ana kazi. Mchana! Lori lilikuwa la saa nne. Nilitazama soksi zake nyeupe na kibano cha baiskeli kwenye suruali yake, nikaelewa kwamba hapa hatungojei mtu achoke. Huyu alikuwa na muda hadi saa nne na dakika moja.

Ndipo Bofoya, mwalimu wa kungojea, akaacha kungojea. Alitoka kwenye korido, akajisimamisha katikati ya uani mbele ya askari wote, akafungua barua na kuanza kusoma anwani kwa sauti ya padri wa Pasaka. "Mheshimiwa Rais wa Vuguvugu! Mkuu wa Nchi! Amiri Jeshi Mkuu!" Askari mmoja akabana miguu. Wa pili akamwona wa kwanza, akabana. Alipofika kwa Mwokozi wa Mashariki, uani kote kulikuwa na watu wamesimama wima, hata mpishi, na karani mlangoni ameweka mikono mapajani. Meja akatoka na filimbi shingoni.

"Nani anasoma?"

"Barua ya Chef de l'État, mon Major," Bofoya akasema, ameinama kidogo. "Tunaomba accusé tu. Grefie, huyu karani, anasema hakuna wino ya Chef de l'État."

Meja hakuwa mjinga, alijua kabisa anafanyiwa nini. Lakini uani kulikuwa na masikio, na baadhi ya masikio hayo yalikuwa yakiandika ripoti kwa mkubwa. "Piga," akamwambia karani. Karani akapiga. Kwa wino wangu.

Likunde aliteremshwa. Na hapo, askari wakimfungua kamba, koplo Adelar aliinuka nusu kwenye lori, akaniangalia mimi, si Faustin ambaye alikuwa bado anatafuta setilaiti yake, akaniuliza, "Maître, na miye?"

Bofoya alikuwa na nakala ya karani bado mkononi. Alitoa kalamu. Chini ya ombi, juu ya sahihi yangu, alitafuta mahali pa kuandika jina la Adelar. Hapakuwa na mahali. Nilikuwa nimepiga chapa vizuri, bila kupoteza hata mstari. Alitaka kuandika pembeni, karani akasema kwa upole kabisa, "Aa, Maître. Karatasi yenye muhuri haiguswi. Si ni weye unafundishaka hivyo?" Bofoya akasema tupewe dakika kumi, tupige nyingine. Meja akasema leo ametoa mmoja. Akapiga filimbi.

Lori liliondoka na mtu mmoja. Sikwenda kuangalia, na Meja hakunikumbusha. Ombi la Faustin lilitumwa mchana ule, na jibu lake la pole, lililoandikwa vizuri sana, lilifika baada ya wiki tatu. Simcheki Faustin kwa hilo. Alikuwa na haki, na alilia kuliko sisi wote. Mwaka wa ufadhili ulipoisha alikwenda kusoma zaidi ng'ambo, na sasa anaandika vitabu vya mwongozo.

Mmeniuliza mara nyingi kwa nini kila ombi la ofisi hii huacha mistari mitano mitupu juu ya sahihi. Nikawaambia ni mtindo wa zamani. Prisca, wewe uliyerithi meza yangu, ulitaka kuifuta ili kuokoa karatasi. Mistari ile ni ya Adelar.

Mkubwa wa waasi alifurahi. Alimtuma mtu kutoka makao yake aombe nakala nyingine, kwenye karatasi nzito zaidi, na nasikia aliitundika. Kujibu hakujibu. Angejibu hapana, angempoteza mtu pekee aliyemwita mkuu wa nchi kwa maandishi, angejibu ndiyo, Meja angenuna. Basi ombi likawa "linachunguzwa", na mtu ambaye ombi lake linachunguzwa haguswi. Vuguvugu lilipogawanyika, tulipiga chapa mistari saba mipya kwa mkubwa mpya. Likagawanyika tena, tukapiga tena. Wakuu wa nchi niliowatumikia ni watatu, na hakuna aliyejibu hata mmoja. Kila miezi michache karani mpya alitaka kujua jibu limefikia wapi, na Bofoya alimwambia, "Mukubwa anawaza." Kwangu aliongeza sheria yake ya mwisho kabla hajafa: ombi la msamaha unalipeleka kwa kelele, kisha unalisahau kwa nguvu zote. Usiliulize. Anayeuliza jibu, hupewa.

Vita vilipoisha, mahakimu wa Kinshasa walikuja wakasema baraza la vita halikuwahi kuwepo kisheria. Nikasema vizuri, basi hukumu pia haikuwepo. Wakasema hukumu ipo, kwa sababu ina muhuri. Wakabishana miezi saba. Mwishowe Likunde alitoka gerezani na karatasi inayosema anaachiliwa kwa muda, akisubiri jibu la ombi lake. Mimi niliitwa na baraza la nidhamu nieleze kwa nini niliwaita waasi wakuu wa nchi, na nikapewa onyo na mawakili watatu ambao wakati ule walikuwa washauri wa waasi hao hao. Yule karani wa soksi nyeupe alipata cheo katika serikali ya umoja, na gari. Baiskeli ilikuwa imekufa zamani chini yake. Likunde alirudishiwa kengele.

Ameifunga kwenye baiskeli nyingine. Sasa ana mvi, anatengeneza baiskeli na pikipiki karibu na soko la Tshopo, na Mama Anto anauza lituma. Kila mwaka, wiki ya kwanza ya Januari, Likunde anakuja ofisini. Mnamjua kama mzee anayeleta samaki. Anakaa kwenye benchi, anauliza habari za watoto, kisha ananiuliza swali moja.

"Mama Maître, banajibu?"

"Bado, papa."

"Merci Mungu." Anainuka, anakwenda zake.

Sasa redio imetangaza kwamba adhabu ya kifo inarudi, ya kweli, si ya kwenye karatasi. Na wiki ile ile Prisca, msichana mwenye akili na bidii kuliko mimi nilivyokuwa, aliyekabidhiwa dosia zangu zote, aliona kwenye rafu ombi lisilojibiwa kwa zaidi ya miaka ishirini. Akashtuka, kama wakili mzuri anavyopaswa kushtuka. Akaandika barua ya kukumbusha, ukurasa mmoja, safi, yenye vifungu. "Tunaomba kwa heshima Mheshimiwa Rais atoe uamuzi." Mara hii mfalme alikuwa sahihi. Akaiweka kwenye kikapu cha barua za kutumwa, ikiwa na jina kamili la Likunde na anwani ya nyumbani kwake, akaenda kula.

Mwacheni Papa Albert. Barua niliichukua mimi, siku yangu ya mwisho, hotuba ya nne ikiendelea. Nilisema nakwenda chooni, nikapitia kwenye kikapu. Hainiumizi roho hata kidogo. Nimeificha nyuma ya saa mliyonipa, na huenda ndiyo maana inachelewa.

Prisca, mwanangu, sikukuambia siku ya makabidhiano kwa sababu mambo haya hayaandikwi kwenye karatasi ya makabidhiano. Dosia ile ni yako sasa. Isogeze nyuma ya zile nyingine, chini kabisa. Na Januari utasikia kengele ya baiskeli uani. Mpe benchi. Muulize habari za watoto. Atakuuliza, na wewe jibu unalijua.

Lakini mwangalie usoni unapolisema, Prisca, maana anasubiri kulisikia tangu Januari iliyopita.